Bila Futi Hangoji Shikamoo

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini hujambo na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku wazima, yaani miili ni mizima. Hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Baba yako amebadilika. Usicheke, soma kwanza. Unamjua baba yako na shikamoo zake. Mtoto akipita mlango wa kazini kwake bila kumwamkia, alikuwa anaitwa, anarudishwa mpaka kwenye kona, anaanza upya. Sasa hangoji. Mtu akitokea tu, hata hajafika, yeye keshamwahi: "Habari yako, karibu!" Awe mzee awe mtoto, wote wanapata hiyo hiyo. Wiki iliyopita mwalimu mkuu mstaafu, aliyemfundisha yeye darasa la tatu, alikuja kuchukua suruali yake. Baba yako akamwambia, "Mambo vipi?" Mwalimu alisimama pale na fimbo yake kama mtu aliyemwagiwa maji. Kesho yake akampa shikamoo binti wa sekondari aliyeleta sketi ya kupunguza. Mtaa mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao nisionekane nimeumia.

Halafu mavazi. Mtu wa shati jeupe na suruali ya kijivu tangu nimjue, sasa anavaa mashati ya njano, ya chungwa, na moja la kijani ambalo likiingia chumbani linaingia kabla yake. Kitambaa cheusi hapokei tena. Jirani yetu aliyefiwa na mumewe alileta chake, akaambiwa apeleke kwa fundi mwingine. "Siku hizi nashona vya kung'aa," ndivyo alivyomjibu mwanamke mwenye msiba.

Kubwa kuliko yote ni hili. Unajua kwa nini watu wanamwita Bila Futi. Alikuwa akimtazama mtu mara moja, kichwani hadi miguuni, anakata kitambaa, na nguo inakaa. Sasa anapima. Anapima kila mtu kwa futi na kwa mikono, polepole, bega, kiuno, halafu kiuno tena. Wanawake wameanza kuongea.

Na amemwajiri binti kwenye cherehani ya pili. Nywele kazikata kama mvulana, suruali imembana, na akiniona ananipungia mkono: "Hai, Mama!" Ananipungia mkono, mimi. Mwanaume wa miaka hamsini na minane hajifunzi "mambo vipi" bila mwalimu, mwanangu. Machale yananicheza. Niambie unavyoona wewe, kwa kuwa wewe ndiye anayekusikiliza.

Mama yako


21 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, asante kwa kuuliza. Mgongo wako unaendeleaje? Kazi huku ni nyingi lakini namshukuru Mungu.

Mama, dunia yenyewe imebadilika, siyo baba peke yake. Hapa mapokezi ninapokaa, siku ya kwanza nilimpa meneja shikamoo yake, akaniita pembeni: "Unanizeesha mbele ya wageni." Sasa ni habari za asubuhi kwa kila mtu, unatabasamu, basi. Hata mikono hawapeani, wanagonganisha ngumi. Mhasibu wetu ana miaka sitini na anakuja kazini na fulana na raba. Fundi anayetaka wateja vijana lazima aende nao. Kuhusu futi, nguo za siku hizi zinabana, zinataka vipimo. Na huyo binti yuko pale kwa kazi tu.

Usiwasikilize watu. Mwache baba afanye shughuli zake.

Mwanao


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida yake, ila siku hizi una mwenzake, ni moyo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikueleza salamu, mavazi, futi na binti. Umeyajibu yote kwa mpangilio huo huo, kama mtu aliyepewa mtihani jana yake. Hukuniuliza hata swali moja. Wewe, mtoto uliyekuwa ukiniuliza kwa nini kuku hana masikio!

Sasa sikiliza kilichonipata. Nilijisemea, kama ni usasa anaoutaka, usasa nitampa. Nikaenda kwa fundi mwingine kabisa, upande wa pili wa soko, nikashona gauni la bluu, mikono mifupi, linaishia magotini. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikasuka, nikavaa viatu vya kisigino ambavyo sijavaa tangu dada yako aolewe. Nikamfuata saa kumi, wakati wa kufunga. Nikakutana naye njiani, anakuja amemshika yule binti kiwiko. Kiwiko, jua linawaka na watu wanapita! Nikasimama mbele yake, nikatabasamu. Unajua alisema nini? "Habari yako, dada. Samahani, tupishe kidogo." Akapita.

Miaka thelathini na moja, watoto watatu, ananiita dada na kunipita kama mlingoti. Yule binti aligeuka, akafungua mdomo, akaufunga.

Nyumbani nilirudia gauni langu la zamani, nikampakulia chakula. Akala, akaniuliza siku yangu ilikuwaje, kwa upole kabisa. Mtu anayeweza hivyo anaweza lolote. Nitakwenda kazini kwake siku asiyonitegemea. Nataka nione kwa macho yangu.

Mama yako


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nakuomba usiende kazini kwa baba. Nakuomba sana. Hakuna mwanamke mwingine, naapa kwa uhai wangu. Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Nivumilie mpaka nipate likizo mwezi wa nane, nitakuja mwenyewe.

Mwanao


Kwa mama yako mdogo, 3 Aprili

Sijui nikusalimie vipi, kwa hiyo naacha.

Ulipoandika nisiende, ndipo nilipojua lazima niende. Niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kutupia vipande. Cherehani zote mbili zilikuwa kimya. Baba yako ameketi, macho kayafumba, mikono magotini kama mtu anayesikiliza redio. Yule binti amesimama karibu naye na karatasi, anasoma. Nikasikia: "Mama ameanza kushuku. Mpaka sasa nimemtuliza, lakini sijui nitaweza mpaka lini." Akageuza karatasi, nikauona mwandiko. Ningeujua hata gizani. Ni wako.

Nikapiga hatua. Baba yako akafumbua macho, akaniangalia usoni, akasema, "Habari yako, karibu, keti." Mimi! Nimesimama mbele yake hapo, machozi yananitoka, ananikaribisha kama mteja wa zipu. Binti akanong'ona, "Fundi, ni mama." Ndipo akaruka, mkasi ukaanguka, akasema, "Naweza kukueleza." Wanaume wote wanaweza kueleza. Sikungoja.

Kwa hiyo ndivyo mlivyopanga. Yeye anaoa, na wewe umepewa kazi ya kunituliza. Mlikula njama mkaniweka katikati kama kipofu. Nipo kwa mdogo wangu na sina haraka ya kuondoka. Shikamoo zako kaa nazo.

Niliyekuzaa


10 Mei

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Barua mbili nilizokuandikia umezirudisha bila kufungua. Ndiyo maana safari hii nimeandika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, kila mwenye kuishika asome: BABA HAONI. Nimevunja kiapo mbele ya watu wa posta, lakini nilijua hiyo utaifungua.

Ni miaka miwili sasa. Nilipokuja likizo ile, siku tuliyosema tunakwenda kutafuta vitambaa, tulikwenda kwa daktari wa macho. Alisema ni ugonjwa wa ukoo, ule ule uliompata babu, na kwamba hauna miwani wala dawa ya kuurudisha nyuma. Unakuja hivi, Mama. Nyuso zinaanza kufutika katikati. Unaona kofia, unaona mabega, lakini pale penye uso ni kama mtu amepitisha dasta ubaoni. Ukitaka kumpata mtu, unaangalia pembeni yake kidogo, na ukimgeukia tu anapotea tena. Akisimama dirishani humpati kabisa. Basi unaanza kuwajua watu kwa rangi ya nguo na mwendo wao. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi haupo.

Ndiyo sababu anawahi kusalimia. Hajui aliye mbele yake ni mwalimu wake au mtoto wa shule, na akikaa kimya kungoja, mwalimu ataona dharau. Wewe anakujua kwa gauni la zambarau na unavyoburuza kandambili. Siku ile njiani ulikuwa umevivua vyote. Ile siku ya mlango wa nyuma mwanga ulikuwa mgongoni kwako na hukusema neno, angekujuaje? Binti anamtungia uzi kwenye sindano, anamvusha barabara, anamsomea barua zangu. Ana mchumba wake, fundi bomba, wanaoana mwaka huu.

Baba aliniapisha. Alisema babu alipopofuka, watu waliacha kumwamkia yeye, wakawa wanamwamkia aliyemshika mkono. Hakutaka kufika hapo, na zaidi hakutaka ufike naye.

Nimekukosea. Nisamehe, Mama. Rudi nyumbani.

Mwanao


Nyumbani, 28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia ili ujue sijakutupa. Mama yako mdogo anakusalimu sana, na kwa bahasha ile sasa anakusalimu na mtaa wake wote.

Nimerudi. Nilimkuta kazini, nikasimama mlangoni nikasema, "Ni mimi." Alisimama wima, mikono ubavuni, kama aliyeitwa na mwalimu. Akauliza kama nimekuja kuchukua vitu vyangu. Nikamwambia nimekuja kumuuliza angenificha mpaka lini.

"Mpaka uondoke," akasema.

Nikamwambia aseme vizuri, mimi sielewi. Akasema watu walipoanza kuvumisha kwamba ana mwanamke, aliwaacha wavumishe. "Nilidhani itakuwa rahisi kwako kumwacha mhuni kuliko kumwacha kipofu. Ukimwacha mhuni hakuna atakayekulaumu."

Nilimpiga na mkoba. Kweli kabisa, begani, mara mbili, naye hata hakukinga. Halafu nikalia mpaka binti akatoka nje mwenyewe na kuufunga mlango. Nimemwomba radhi. Bado ananipungia mkono na bado sipendi, lakini namrudishia. Na usidhani hasira zimekwisha. Msichana aliyeajiriwa juzi tu alijua, mimi niliyeolewa miaka thelathini na moja nilikuwa nashindana naye kwa visigino. Hilo litachukua muda kuniisha.

Tunaishi hivi sasa. Nikiingia chumbani nasema "ni mimi". Tukitembea namshika mkono, na mtu akiniamkia mimi peke yangu simwitikii hata akirudia, mpaka amwamkie na yeye. Mwalimu mkuu tulimweleza. Alitoa leso, akajifuta macho. Siku hizi akifika kwenye kona anapaza sauti, "Poa, kijana wangu! Ni mimi mwalimu!" kabla hata hajaulizwa mambo vipi, na baba yako anacheka mpaka anaacha kazi. Mashati ya njano anaendelea nayo. Yamemkaa vizuri, sitamwambia.

Nilitaka kuishia hapo, siwezi.

Jana nilimsomea barua yako ya bahasha, yote, kama ilivyo. Nilipofika pale pa dasta na ubao, akainua mkono. "Rudia." Nikarudia. Nikasoma na pale pa kumwangalia mtu pembeni, na jinsi anavyopotea ukimgeukia. Akaniuliza, "Kaandika hivyo?" Nikasema ndiyo, hivyo hivyo. Akawa anazungusha vidoleni chaki yake ya kuchorea vitambaa.

"Ndivyo ilivyo hasa," akasema. "Lakini hayo sijawahi kumwambia mtu. Hata daktari sikumwambia hivyo."

Nikazitoa barua zako zote, nikazipanga mezani, kuanzia za mwaka juzi. Mwandiko wako umekuwa ukikua. Kwenye hii ya mwisho maneno manne yanajaza mstari.

Mwanangu, hao wageni wa hapo mapokezi, unawaona nyuso? Usinijibu kwamba uko salama. Shikamoo usinipe, hali yangu usiulize, mgongo wangu uache. Anza na hilo. Baba yako ameketi hapa pembeni yangu, tangu jana hajagusa cherehani, anangoja nimsomee.

Mama yako