Wimbo wa Amma Ukweni kwa Mohan

Bukavu

Dada Valli, shikamoo. Mvua ya huku inakatika ghafla na kuliacha ziwa jeupe kama maziwa. Lakini nikwambie ya jana jioni.

Wakwe wa kaka yetu Mohan, hapa Muhumba, walikusanyika kusali mbele ya sanamu ya Ganesha. Taa ya samli ikawashwa, wakaimba kwa Kigujarati. Mohan naye! Yule aliyekuwa akijifanya amelala kila mama yetu Amma alipoanza nyimbo zake za Kitamil, jana kaimba lugha ya ukweni bila kukosea neno. Wivu ukanishika, nikawa naitazama taa tu.

Mama mkwe wake, mzaliwa wa hapahapa, akaniona. "Maman, juu ya nini unanyamaza? Imba ya kwenu. Mungu iko mumoja, luga ndiyo mingi."

Nikaimba ule wa Murugan, ndugu yake Ganesha, anaopenda Amma. Kwenye kiitikio Mohan akadakia. Wanawake wote wakafuata, wakiyavunja maneno. Tukacheka, tukarudia, kisha tukala halua ya moto.

Leo asubuhi nimemsikia wifi yetu jikoni akiuimba peke yake, akikosea. Badala ya kufurahi nikaona wivu upya; nilitaka wimbo ule ubaki wetu. Nikasimama mlangoni kidogo, halafu nikaingia kumsahihisha.

Mkumbatie Amma kwa niaba yangu, nawe ukitunze hicho kifua chako.

Mdogo wako akupendaye,
Selvi