Nyumba Niliyomkagulia Kaka

3 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila Kibonge wangu anaota jino, anang'ata kila kitu, hata barua hii.

Nimezunguka na orodha yako ya maswali, mtoto mgongoni. Nyumba ya kwanza dalali aliisifia mpaka jasho likamtoka, lakini ukutani palikuwa na mstari wa tope, kimo cha goti. Nikamuuliza, "Huu nao ni urembo?" Akacheka peke yake. Ya pili, ukigonga ukuta unamwagika mchanga.

Ya tatu ndiyo hii tunayopanga. Mama mwenye nyumba anahamia kwa binti yake, anauza kwa bei ya kutupa. Bati halivuji, msingi hauna ufa, bomba liko uani. Kodi yetu ni ndogo kwa kuwa ana huruma. Ukiinunua wewe, roho yangu itatulia.

Mdogo wako,
Mama Kibonge

11 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima, nibusie mpwa wangu. Una jicho kuliko madalali wote! Niambie: wapangaji wangapi, na ni wakorofi? Usiwaambie kitu kwanza.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Tu wazima, jino limetoka! Wapangaji ni wanne: fundi cherehani, mzee mshona viatu, muuguzi na mimi. Ni wapole, wakiambiwa jambo hawabishi. Mkorofi ni mimi tu, unanijua.

Sijawaambia, ingawa fundi cherehani ndiye aliyenishikia mtoto wiki yote hii. Naona haya kumficha.

Mdogo wako

2 Juni

Kaka,

Natumai u mzima. Nimekuandikia mara tatu, kimya. Jana dalali wako alitugawia karatasi: nyumba imenunuliwa, sote tutoke mwisho wa mwezi, vyumba vipangishwe kwa kodi mpya. Nikamwambia, "Aliyenunua ni kaka yangu!" Akasema, "Najua, dada. Ndiye aliyeniambia nyinyi ni wapole, hamna ubishi."

Maneno yangu hayo, kaka.

Fundi cherehani akanigeukia: "Kumbe ulijua?" Sikuwa na pa kuweka uso.

Ila orodha yako ilisahau swali moja. Bati uliuliza, msingi uliuliza, mikataba hukuuliza. Januari mama mwenye nyumba alitusainia kila mmoja mkataba wa miaka miwili, kodi ileile. Sikukutajia kwa sababu sikudhani ningeuhitaji mkataba kwako. Nimemwendea mwanasheria aliyeigonga muhuri mikataba hiyo, amesema anayenunua nyumba anainunua na mikataba yake. Nimewapitia wenzangu chumba kwa chumba. Hatutoki.

Nilikuandikia kwamba mkorofi ni mimi tu. Ulidhani natania?

Kibonge anasimama sasa, akishikilia mlango. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Mpangaji wako,
chumba cha nyuma