Pua Yangu Ilikufa, Shemeji Akasimamishwa Kazi

Mshauri mpendwa, nisaidie, nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni kazini maana nyumbani sina tena pa kuangalia. Mimi ni mpimaji wa gesi katika kiwanda cha soda, gesi ile inayoleta mapovu, tunaipata kwenye matangi ya kiwanda cha pombe jirani, inakuja na harufu zake, inaoshwa kwa maji, inapitishwa kwenye mkaa maalumu, inakaushwa, halafu kila asubuhi mimi naipuliza kwenye glasi ya maji baridi, nanusa, naonja, nikiridhika natia sahihi, na bila sahihi yangu hakuna chupa inayojazwa. Tangu nilipougua mafua makali sisikii harufu yoyote, hata ya sabuni, na sikumwambia mtu, kwa sababu mpimaji asiye na pua ni wa nini? Nikawa nanusa hewa tupu, naandika "safi".

Fundi wa mabomba na mkaa ni kaka wa mke wangu, ndiye aliyeniingiza kazini. Siku moja akanijia, "Shemeji, huu mkaa naona umechoka, niandikie nibadilishe," nami kwa kuogopa kuulizwa mbona jana niliandika safi nikamjibu, "Bado, shemeji, tulia," akatulia. Wiki hiyohiyo soda ikatoka inanuka yai bovu, watu wakatema, makreti yakarudi malori kwa malori, na wakubwa walipokuta fomu zangu zote safi wakasema basi gesi imechafukia mbele, baada ya kupimwa, kwenye mabomba yake, wakamsimamisha. Alhamisi ijayo ana kikao cha mwisho. Mke wangu analia, anamlaumu kaka yake kwa uzembe, nami nambembeleza kwamba yatapita. Najuta mpaka chakula hakipiti, ingawa hata kabla ya hapo hakikuwa na ladha. Nifanye nini?

Mpimaji

JIBU:

Mpimaji, pole kwa pua. Kuugua si kosa, na kazi hata mimi ningeogopa kuipoteza. Pole yangu inaishia hapo. Unamwacha mkeo amseme vibaya ndugu yake wa damu huku wewe unampa leso? Huoni haya?

Na kuna jambo umelipita mbio. Shemeji yako alikuomba umwandikie, ukamkatalia. Angelisema hilo kwa wakubwa, wewe ndiye ungesimamishwa. Unadhani amesahau? Amenyamaza kwa ajili ya dada yake, na wewe umejikunyata nyuma ya huruma yake.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kusoma haya, usitie sahihi hata glasi moja zaidi. Mwambie msimamizi wako husikii harufu, apime mwingine, maana kesho watu watakunywa tena. Jioni mwambie mkeo, kwa mdomo wako, kisha nendeni wote kwa kaka yake. Usianze na habari za mafua. Anza na "Shemeji, nilikudanganya." Akifoka, mwache afoke. Akisema, "Nyamaza tu, mimi nitalibeba," kataa. Kamwone daktari. Halafu andika siku zote ulizotia sahihi bila kusikia harufu, na Alhamisi uingie na karatasi hiyo kikaoni kabla hajaitwa yeye. Huenda wakakufukuza, sikufichi. Lakini kazi itakayopotea iwe ile uliyoshindwa kuifanya, si ile ambayo shemeji yako aliifanya sawasawa.