Upande wa Kushoto wa Baba

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti, 2025

Mpendwa kaka yangu Ammar,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Najua umeshakunja uso kwa kuuona tu mwandiko wangu, lakini salamu ni haki ya Mwislamu kwa mwenzake. Kwa hiyo niitikie kwanza, hasira utaendelea nayo baadaye.

Hujambo wewe? Wifi Huda hajambo? Na mwanangu Salha, ameshaanza shule au bado anawasumbua nyumbani? Nasikia joto la huko Muscat mwaka huu si la kawaida, basi msikae juani na mnywe maji. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillah. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi za ghorofani, lakini sauti yake bado inafika mpaka dukani chini. Mdogo wako Yasser yupo, anauza vitambaa na anachelewa kuamka kama umjuavyo. Mimi nimekonda mwili nikanenepa maneno, utaona mwenyewe.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu umenilazimisha. Simu hupokei. Jumbe zangu tangu Aprili zinabaki na tiki moja. Sasa Moza, binti wa mzee Safari jirani yetu, anakuja huko kwa mumewe Jumanne, na nimemwapisha akupe barua hii mkononi na asiondoke mpaka uifungue. Ukiichana atanipigia, nami nitaandika nyingine. Karatasi Kariakoo hazijaisha.

Tuanze na kinachokuuma. Siku ya Idd Mosi, Baba akiwa na mwezi mmoja na nusu tangu apate kiharusi, alishikilia kuwamiminia wageni kahawa mwenyewe kama desturi yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu, tukamwacha. Akaanza upande wake wa kulia na baba mdogo, akafuata Yasser, kisha majirani waliokuja kutoa mkono wa Idd. Wewe ulikuwa umekaa kushoto kwake, umefika asubuhi ile ile kutoka uwanja wa ndege. Alipokukaribia akaweka dele la kahawa chini. Finjani yako ikabaki tupu mbele ya watu wote. Ukamwambia, "Baba, mimi ni Ammar." Akageuka kulia, akamjibu Yasser, "Naam, mwanangu."

Niliuona uso wako, kaka. Nilijua umekumbuka nini. Miaka sita nyuma, ulipokataa kushika duka ukaenda kufanya kazi ya umeme huko, alikwambia ukivuka mlango ule hana mtoto anayeitwa Ammar. Mkapatana baadaye kwa simu, lakini neno lile halikukutoka. Kwa hiyo ulipopitwa na kahawa ulijua umehukumiwa. Uliondoka kabla ya chakula cha mchana, ukalala hoteli kule Posta, kesho yake ukapanda ndege. Na sisi sote, aibu yangu niiseme, tuliamini kama ulivyoamini wewe. Mama akakataza jina lako lisitajwe mbele ya Baba, eti presha isimpande.

Tulikosea sote. Ndiyo sababu ya barua hii, na naomba usome mpaka chini.

Baada ya Idd vituko viliendelea. Mama akimpakulia wali, anakula nusu ya sahani, nusu ya kulia, kisha anasukuma sahani na kulalamika kwamba tunampunja. Sahani ina nyama upande wa pili, kaka! Ukiizungusha anashangaa, anasema bismillah, anaendelea. Akipaka hina ndevu, anapaka upande mmoja. Yasser akacheka mpaka akalia machozi. Dukani ndiyo balaa: mteja akiomba satini iliyo rafu ya kushoto, Baba anamwambia imekwisha, na jora zima limesimama pale pale. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akapewa miwani. Hakuna kilichobadilika. Mama akaita kisomo, watu wakasoma, wakala, wakaenda. Yasser akasema ni ujeuri wa uzee tu.

Mimi nikakataa kukaa hivyo hivyo. Nikarudi hospitali, nikakaa kwenye benchi asubuhi tatu mfululizo mpaka nikapata mtu wa kunisikiliza. Anaitwa Jovitha, mtaalamu wa kuwafundisha upya wagonjwa wa kiharusi shughuli za kila siku, mtu wa Masasi, mpole wa sauti lakini habembelezi mtu. Alikuja nyumbani mwezi wa sita. Akampa Baba karatasi na kalamu, akamwomba achore saa ya ukutani. Baba akachora duara zuri. Kisha namba zote, kuanzia moja hadi kumi na mbili, akazibana upande wa kulia, upande wa kushoto ukabaki mweupe. Akairudisha karatasi kwa madaha kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake. Mimi nilikwenda jikoni nikalia.

Jovitha akanifuata huko huko jikoni. "Dada Nawal," akasema, "mzee hana ujeuri na macho yake hayana tatizo. Kilichoumia ni ubongo."

Nitakueleza kama alivyonieleza, maana najua wewe ni mtu wa nyaya na utataka kujua waya gani umekatika. Ubongo una chembe za neva, mabilioni yake, na kazi yao ni kupokezana habari. Fikiria wapagazi wanaoshusha mzigo kwenye lori hapa mtaani: mmoja anampa mwenzake, naye anampa mwingine, mpaka unafika stoo. Jicho la Baba linashusha mzigo vizuri kabisa. Lakini huko ndani, upande wa kulia wa kichwa, juu kidogo nyuma ya sikio, damu ilikosekana na chembe zikafa. Sehemu ile ndiyo inayotuambia kipi kilicho mbele yetu tukijali. Na inavyoonekana upande wa kulia wa ubongo huangalia kote, kushoto na kulia, ila upande wa kushoto huangalia zaidi kulia. Kwa hiyo ukiumia ule wa kulia, dunia ya kushoto inabaki haina mlinzi.

Utaniuliza, mbona basi yeye mwenyewe hajui kuna kitu kinakosekana? Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu kwa swali: sasa hivi unaona nini nyuma ya kisogo chako? Nikafikiri. Sioni giza, sioni ukuta mweusi. Hakuna kitu tu, wala sikitafuti. Ndivyo kulivyo kushoto kwa Baba. Sehemu ambayo ingemwambia kuna kitu kimepotea ndiyo hiyo hiyo iliyoumia.

Na sauti je? Utasema alikusikia, maana alijibu. Alisikia, kaka. Jovitha anasema mgonjwa wa namna hii anaweza kuitwa kutoka kushoto na akamjibu aliyeko kulia, kwa sababu ubongo unaipeleka sauti kwenye upande uliobaki nao. Alisikia mwanawe anamwita, akamwona mwanawe Yasser. Na mkono ulioubusu kwa kupiga magoti asubuhi ile ulikuwa wa kushoto, ambao wakati ule hata ukiuchoma na sindano hausikii.

Niliposikia hayo nilitaka kuruka niende Muscat kwa miguu. Nikakupigia. Hukupokea. Haya.

Basi tukaanza kazi. Jovitha alituambia chembe zilizokufa hazirudi, ila zilizobaki zinaweza kujifunza kushika nafasi, na hazijifunzi kwa kuhurumiwa. Akapiga marufuku kumzungushia sahani. Ukingo wa kushoto wa meza tukabandika utepe mwekundu, na kabla hajasema amemaliza kula lazima aupapase utepe kwa mkono. Tukahamisha televisheni kushoto, redio kushoto, na sisi wenyewe kushoto. Mama wiki ya kwanza alishindwa. Nilimfuma anaizungusha sahani kimya kimya, nikamfokea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Alininunia siku mbili. Sikulegeza.

Kila asubuhi namshusha Baba dukani, namwambia nitafutie bafta nyeupe, nitafutie satini nyekundu, na vyote nimeviweka kushoto makusudi. Anatukana, kaka! Ananiambia mimi ni askari jela. Siku moja alinirushia futi ya kupimia vitambaa. Nikaiokota, nikaiweka kushoto kwake, nikamwambia haya, itafute. Polycarp, yule anayeuza vifungo na nyuzi mlango wa pili, alikuja kunisihi nimhurumie mzee wa watu. Nikamwambia huruma yangu ndiyo hii, kama hujaipenda rudi kwenye vifungo vyako. Sasa naye akipita anamsalimia Baba kutoka kushoto na anasubiri.

Miezi miwili hiyo. Kuna siku anafika mpaka kwenye utepe, kuna siku anaishia katikati kama vile hatujafanya lolote. Jovitha hajaniahidi kwamba atapona kabisa, na mimi sikuahidi wewe. Ila siachi.

Sasa nikueleze lililotokea Jumatatu iliyopita. Alikuja mama mmoja wa Magomeni anataka bafta ya kanzu. Nikanyamaza nione. Baba akatazama kulia, akasimama, akaanza kugeuza shingo taratibu, akapapasa kaunta mpaka mwisho, akainua uso. Akaliona jora! Akanyoosha kidole, akasema, "Ile pale, Nawal, umekuwa kipofu?" Nilipiga kigelegele, mteja wa watu akashtuka.

Baba akafurahi sana. Halafu akasema, "Mwambie na yule mkubwa wenu. Mwambie baba yake bado anauza. Yeye hata Idd hakuja kunitazama."

Nilikaa juu ya majora. Kaka, unaelewa? Miezi minne wewe uko huko umenuna kwamba baba yako amekukana, na yeye yuko hapa anaumia kwamba mwanawe ana mtoto na kazi na hakupata hata siku moja ya kuja kumwona. Na kwa vile Mama alikataza jina lako, hakuna aliyewahi kumwambia. Kwake yeye hukuwahi kuingia ndani ya nyumba ile.

Nikamwambia ukweli. Nilisema, "Alikuja, Baba. Alifika asubuhi ya Idd." Akaniita mwongo. Yasser akatoka stoo, akasema ni kweli, Baba, alikuja. Akauliza ulikaa wapi. Nikamwambia kushoto kwako, karibu kabisa, magoti yake yaligusa yako.

Akageuza kichwa. Hakuna aliyemwambia geuka, hakuna utepe, hakuna redio. Aligeuka mwenyewe mpaka mwisho, akakitazama kiti cha wateja kilichokuwa pale, kitupu, akakitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Nilimpa kahawa?"

Ningeweza kudanganya. Sikudanganya. Nikamwambia hukumpa, Baba.

Akalia. Unamjua Baba, hata siku ya kumzika bibi hatukumwona akilia. Alilia pale dukani, mbele ya mteja, akasema, "Nilimpitaje mtoto wangu?" Nilimweleza kuhusu ubongo, nilimweleza vyote nilivyokueleza wewe, akatikisa kichwa tu. Tangu siku ile ndiye anayeniamsha mimi alfajiri. Hanitukani tena. Anafanya mazoezi kama mtu aliyepewa tarehe.

Na tarehe ninayo. Nimemwambia utakuja kabla ya mwezi wa tisa kuisha. Ndiyo, nimesema bila kukuuliza, na wala sijutii. Usinambie habari za likizo wala za bosi. Anataka kukuomba radhi, nikamwambia hakuna mwenye kosa wa kuomba radhi, akasema hayo nimwachie yeye na mwanawe. Kwa simu hataki. Anasema kwenye simu hawezi kujua kama amekuona.

Mama anakusalimu sana na anaomba umsamehe kwa kunyamaza kwake. Yasser anasalimu, anasema akikuona atakukumbatia, usimcheke. Jovitha hakujui lakini anakusalimu na anakusubiri. Mpe wifi Huda salamu zangu nyingi, mbusu Salha, umwambie shangazi yake anamtaka hapa akimbie kushoto kwa babu yake mchana kutwa. Mwenyezi Mungu awalinde, awape afya, na ailainishe shingo yako wewe kama alivyoilainisha ya Baba.

Ukija, usikae kulia kwake kwa kurahisisha. Kaa pale pale kushoto, mwite, kisha nyamaza. Atatazama kwanza kwingine, na itakuuma, pengine dakika nzima. Vumilia, kaka. Safari hii usiinuke kabla hajakufikia.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,

Nawal