Shikamoo Niliyomwekea Baba Mdogo

Mkiwa, Ikungi,
12 Julai 2023.

Mpendwa Shangazi Emiliana,

Shikamoo, Shangazi. Baridi ya Songea imewafanyaje mwezi huu? Na goti lako je, linakuruhusu kwenda shamba? Sisi tu wazima, ila Babu anakula kwa kubembelezwa.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila nikikupigia simu sauti inakatika, nikaona afadhali niandike.

Mdogo wako Alute tulimzika Jumamosi ile uliyoshindwa kusafiri. Wenzake wa jeshini walisema walikuwa wakiwatoa raia kwenye mapigano huko Kongo, gari lao likashambuliwa. Yeye alikwisha kuruka nje salama, akarudi kumtoa dereva. Sanduku halikufunguliwa. Askari walipopiga risasi hewani, mbuzi wa Rahel jirani walikimbilia barabarani, na nusu ya waombolezaji wakaenda kuwafukuza. Angekuwepo angecheka mpaka akae chini.

Unajua tulivyokuwa. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, nikambeba mgongoni na kumfuta kamasi, halafu eti kwa kuwa ni mdogo wake baba, mimi ndiye nimwamkie! Ulinifinya sikio mara ngapi, Shangazi? Sikumwamkia hata siku moja. Nyote mlidhani ni utani. Baadaye haukuwa utani tena. Mimi jeshini nilikataliwa, yeye akachukuliwa, nikamwonea wivu.

Likizo yake ya mwisho, mwezi wa kwanza, alinisaidia kupalilia alizeti, kisha nikamsindikiza kituoni. Basi la Dodoma lilipotokea akanishika bega.

"Sostenes, leo nipe shikamoo yangu niondoke nayo."

"Ukirudi na nyota begani ndiyo utaipata."

Akacheka. "Haya, niwekee." Akapanda.

Pale kaburini, maofisa wenye mvi walimpigia saluti, mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ya kutia udongo ilipofika, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, baba mdogo." Nami, mjinga mimi, nikasimama na udongo mkononi nikisubiri kuitikiwa, mpaka Mama akaja kunishika mkono.

Najuta, Shangazi. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni miaka yote hiyo. Sasa kila mtoto wa hapa akiniamkia, naona haya kuitikia.

Alizeti tumeshavuna. Ile mistari aliyopalilia yeye imezaa kuliko yangu, na Babu hachoki kuwaambia wageni.

Wasalimie Faith na Joshua. Babu na Mama wanakusalimu sana. Mungu akuponye goti hilo uje tumtembelee pamoja.

Ukijibu, nakuomba jambo moja. Wewe ndiye dada yake, uliyemlea. Kabla hujaniandikia habari nyingine yoyote, niitikie kwa niaba yake.

Ni mimi mwanao mkaidi, nikupendaye,
Sostenes