Nilikata Mti, Mwalimu Wangu Akadhani Amepofuka

Bi Hamida mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha na haijasaidia kitu.

Mimi ni mjane mwenye watoto wawili, naishi upande wa Mollo, na kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kuvua kwa ndoano kwenye bwawa letu. Labda utashangaa kwamba hiyo nayo ni kazi, hata mama yangu mzazi alishangaa, lakini kuna watu wa mjini Sumbawanga, wenye maduka, walimu, madereva wa malori, ambao Jumamosi wanakuja na fimbo zao za kuvulia wakitaka kumvuta perege kwa mkono wao wenyewe, na watu hao bwawa hawalijui, kwa hiyo sisi ndio tunaowapakia mtumbwini, tunawapeleka samaki walipo, tunawatilia chambo wale wanaoogopa kushika nyungunyungu, na tunawarudisha nchi kavu wakiwa wazima.

Kazi hii nimefundishwa na Mzee Zenon. Bi Hamida, sijui nianzie wapi kumshukuru mtu huyu. Mume wangu Cleophas alipofariki miaka minne iliyopita nilibaki na kishamba cha ulezi na watoto wadogo, na Mzee Zenon, ambaye hatuna hata undugu naye, alinikuta nafua kando ya bwawa akaniuliza kama naogopa maji, nikasema siogopi, akasema basi kesho njoo na kofia. Hivyo tu. Waongozaji wengine walicheka wakasema mzee ametafuta wa kumpikia chai mtumbwini, yeye akawa ananikalisha mbele na kunifundisha kupiga kasia bila kelele, kuujua upepo kabla haujafika, kumtuliza mgeni aliyejichoma na ndoano kidoleni, na kumwambia mtu mkubwa mwenye cheo chake akae chini, naye akae. Leo watoto wanasoma, nina nyumba, nasimama mbele za watu bila kuinamisha kichwa, na vyote hivyo ni mkono wa mzee huyu. Sijawahi kusali nikasahau kumtaja.

Sasa sikia kosa langu. Kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, maji ya bwawa yanapungua na kupata joto, na samaki wanaacha kingo wanashuka kwenye mkondo wa kijito cha zamani, kile kilichokuwepo kabla bwawa halijajengwa, maana huko chini kuna ubaridi. Mkondo wenyewe ni mwembamba, kwa juu hauonekani, na pembeni yake kuna visiki vya miti iliyozama. Mwongozaji anaupata kwa alama za nchi kavu, yaani unachagua vitu viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma yake, unavilinganisha, unapiga kasia ukifuata mstari huo, na hapo unakuwa juu ya samaki. Kila mwongozaji ana alama yake ya kiangazi na hamwambii mtu. Si uchoyo, ndivyo tulivyokuta, alama hiyo unampa mrithi wako siku unayoacha kazi, na kabla ya hapo hata kuuliza ni utovu wa adabu. Kwa hiyo mimi kila kiangazi nilikuwa nafuata mtumbwi wa mzee kwa nyuma, bila kujua anatazama nini.

Mwezi wa sita mwaka huu nilikuwa naezeka nyumba, boriti zikapungua, nikakata mkaratusi mmoja mkubwa uliokuwa kwenye mpaka wa shamba langu karibu na maji. Ulikuwa na vichwa viwili, aliupanda baba mkwe wangu. Mti wangu, shamba langu, sikuona sababu ya kumuuliza mtu.

Kiangazi kilipofika Mzee Zenon akawa hapati samaki. Wageni wake wanarudi na ndoo tupu, mimi ninayemfuata naambulia wawili watatu kwa kubahatisha, na yeye anazidi kununa. Mwishoni mwa mwezi wa tisa mtumbwi wake ukapanda kisiki, ukainama, na Bi Zaitun, mama mmoja mwenye duka la vitenge mjini, akatumbukia. Alikuwa amevaa jaketi la kuelea, tukamtoa upesi, hakuumia popote, na mwenyewe alicheka mpaka akakosa pumzi. Mzee hakucheka. Tulipofika ukingoni alilaza kasia chini akasema, "Macho yamenikimbia. Leo nimemwangusha mtu, kesho nitamzamisha." Toka siku hiyo hajapanda mtumbwi.

Wiki mbili zilizopita akaniita pale ukingoni, akaniwekea mkono begani, akanipa alama yake. "Mwanangu," akasema, "mnara wa kanisa uweke katikati ya vichwa viwili vya ule mkaratusi wa shambani kwako. Usiuachie mpaka umefika. Mimi siku hizi naviona vile vichwa vimebanana, na mti kama umesogea, ndiyo nikajua macho yameharibika. Wewe utaviona sawasawa."

Nilitazama. Mkaratusi wenye vichwa viwili upo kweli, lakini ni mwingine, mdogo, kama hatua arobaini kutoka kwenye kisiki cha ule nilioukata, na vichwa vyake vimebanana hasa. Bi Hamida, mzee alikuwa anaona vizuri. Alichokiona ndicho kilichokuwepo. Na mimi badala ya kumwambia nikasema, "Ahsante sana, baba," nikaenda zangu nyumbani, na nikiinua macho naona boriti.

Tangu hapo mambo yanazidi kuharibika. Mzee alikuwa msomaji wa masomo kanisani, kwa miwani yake ile ile ya siku zote, juzi akakwama kwenye neno moja, akafunga kitabu, akamwambia katekista atafute mtu mwingine. Mkewe, Mama Kristiana, sasa anamshika mkono njiani kama mgonjwa, na gazeti anamsomea yeye. Miezi mitatu iliyopita mtu huyo alikuwa anapanda kilima na mzigo wa kuni. Na Jumapili hii baada ya Misa waongozaji wote tumeandaa chakula cha kumuaga, mwenyekiti wetu Vitus amesema tumpumzishe mzee kwa heshima, na mzee ametangaza kwamba siku hiyo atanikabidhi mtumbwi wake na kasia mbele ya watu wote.

Nakuambia na hili ambalo sijamwambia padri. Ule mtumbwi nautaka. Nimeutamani miaka minne, na kuna sehemu ya moyo wangu inayosema mzee ana miaka sabini na moja, angeacha tu, mwaka huu au mwakani, kuna ubaya gani. Halafu namwona anapapasa mlango wa nyumba yake mwenyewe, natamani ardhi inimeze. Naogopa nikisema atajua kwamba nilijua nikanyamaza, na wema wake wote kwangu utamgeukia kuwa uchungu. Nikinyamaza nitapokea zawadi huku nikimwibia. Nifanye nini? Jina langu usiliandike.

Mwenye Shukrani na Aibu, Mollo

BI HAMIDA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Pole, na hiyo pole ipokee vizuri kwa sababu baada yake kuna maneno mengine.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kukata mti si kosa. Ulikata mti wako ili watoto wako wasinyeshewe, na alama ilikuwa siri kwa mujibu wa desturi yenu wenyewe. Hakuna aliyekuambia, na kuuliza hukuruhusiwa. Bi Zaitun alipolowa hukuwa na habari. Kwa hayo yote mimi sikulaumu, na mzee mwenye akili kama huyo uliyenieleza hatakulaumu pia.

Ninachokulaumia ni hizi wiki mbili. Hapo nakukaripia, na ningekuwa karibu ningekufinya. Mtu mzima anapapasa mlango wake, anaongozwa mkono kwenye njia aliyoipita maisha yake yote, na dawa unayo wewe mdomoni. Unamwombea kila siku, vizuri sana, endelea, lakini Mungu ameshakujibu. Amekuonyesha mti, amekuonyesha kisiki. Unataka akutumie na barua?

Kuhusu kuutaka mtumbwi, wala usijitese. Ungekuwa huutaki ningeshangaa. Fundi asiyetaka chombo ni fundi gani? Ila umeniandikia kwamba "angeacha tu, mwaka huu au mwakani". Huo mwaka mmoja si wako, mama, ni wake. Mtu wa miaka sabini na moja mwaka mmoja kwake ni mali kubwa, wewe huwezi kumkatia kwa kukaa kimya.

Unaogopa atakuchukia. Mimi samaki namjua akiwa sokoni tu, sijui kasia wala chambo, lakini watu nawajua. Mtu aliyemwambia mjane wa watu "kesho njoo na kofia" hana moyo wa kumtupa mtu kwa kosa lililoungamwa. Atanuna, ndiyo. Labda atanuna mpaka mvua zianze. Kubali anune. Sehemu ya shukrani ni kumvumilia mtu akikukasirikia kwa haki.

Na jambo jingine, ili usijidanganye kwamba muda upo. Jina lako nimelificha, nimebadilisha na mengine kidogo, lakini huko kwenu mikaratusi mingapi yenye vichwa viwili imekatwa mwaka huu? Umeniambia mwenyewe Mama Kristiana ndiye anayemsomea mzee gazeti. Leo ni Jumatano, na gazeti likichelewa sana litafika kwenu kesho. Ukitaka ayasikie haya kwako kabla hajayasikia kwangu, unajua cha kufanya.

Usingoje Jumapili. Usidhani utasimama mbele ya watu na sahani zao ukaungama kwa machozi, wakupigie makofi, na mzee abaki kaduwaa hajui aweke wapi uso. Hilo lingekuwa tamasha lako, na siku ile ni yake. Nenda nyumbani kwake, mkewe awepo, maana yeye naye amebeba hofu hii na anastahili kuitua. Usibebe kuku, usibebe unga. Zawadi ikitangulia, ukweli utaonekana umekuja kununua kitu.

Ukishasema, mwombe apande mtumbwi na wewe, wewe ushike kasia, yeye atazame. Mpeleke mpaka mbele ya kisiki cha mti wako akione kwa macho yake, kisha umwache achague mwenyewe alama mpya, bila wewe kumnong'oneza. Akiupata mkondo, samaki watamwambia kuliko mimi na wewe. Kitabu cha masomo nacho kitamrudia taratibu. Kukwama kwenye neno moja hakumfanyi mtu kipofu, mimi hukwama kila siku na bado naandika.

Lakini usimwahidi kwamba macho yake hayana kasoro yoyote. Hujui, wewe si daktari. Mpeleke hospitali ya mjini akapimwe, uende naye, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Kama kuna tatizo litajulikana, kama hakuna atasikia kwa mtu mwenye taaluma yake.

Vitus mwambie wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hajasikia njiani. Chakula cha Jumapili kisiahirishwe. Kimeandaliwa kwa ajili ya kumshukuru mzee, na sababu za kumshukuru hazijapungua hata moja, awe anaacha kazi au anaendelea. Na kwenye kikao chenu cha waongozaji toa pendekezo hili dogo: yeyote anayetaka kukata mti ulio kandokando ya bwawa atangaze wiki moja kabla. Mwenye alama yake atakuja kimya kimya kusema "huo uache", hatalazimika kueleza kwa nini, na siri zenu zitabaki siri.

Akisema, "Mwanangu, hata hivyo nimechoka, chukua," pokea mtumbwi kwa mikono miwili, ule, ucheze, usijifanye huutaki. Akisema, "Basi kasia langu naendelea nalo," mwachie siku hiyo hiyo na ukae mbele kama zamani. Najua itakuuma. Itakuuma kiangazi kimoja au viwili, na watoto wako hawatalala njaa kwa hilo, maana kazi unayo na wageni unao.

Sasa kunja gazeti uende. Ukifika usianze na habari za watoto, wala za mvua, wala usizunguke mbuyu ukiuliza shamba limeamkaje. Piga magoti umwamkie, kisha mwambie hivi: "Baba, unaona vizuri. Mti niliukata mimi." Halafu nyamaza, na safari hii umwache yeye aseme.