Mpishi Hakubanduka Jikoni

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba. Huku Mtoni tu wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Unasema mwisho wa kitabu chako cha upelelezi umekuudhi hata unataka kukitupa. Usithubutu!

Nilipokuwa msichana, nilikuwa nikiwasomea kinamama wa mtaani kitabu kama hicho, wao wakishona kofia. Mwishoni mpelelezi akamkamata mpishi: eti aliacha tui motoni, akapanda ghorofani kumuua tajiri, akarudi kuendelea kupika. Bi Zuwena, aliyewapikia watu maisha yake yote, akaweka sindano chini.

"Mchuzi ulilika?"

"Ulilika, Bi Zuwena, na wageni wakausifu."

"Tui lisipokorogwa hukatika. Huyo mpishi hakubanduka jikoni. Anza upya, mwanangu, tumtafute muuaji."

Nikasoma tena siku tatu. Kumbe alikuwa mpwa wa tajiri, yule aliyelia kuliko watoto wa marehemu! Nikaandika mwisho wetu kwenye ukurasa mtupu wa nyuma, mpishi akaenda zake kwao.

Bi Zuwena hakujua kusoma hata herufi moja. Wewe unajua. Rudi ukurasa wa kwanza, na usiniandikie mpaka umemkamata wako.

Bibi yako,
Bi Mwanakhamis